Mpimeni Mzee Kwanza, Ndipo Mumkatae

Katika vikao vya ukoo vinavyokaliwa Rungwe Mpya na vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo pale kijana anapoambiwa kwamba figo zake zote mbili zimefeli, hoja moja hufunga mjadala upesi kuliko zote. Mama wa mgonjwa anasema yuko tayari kutoa figo yake. Ana miaka sitini na kitu, bado analima maharage, bado anapandisha mlima na mzigo kichwani. Shemeji mmoja anakumbusha kwamba mama ana presha. Hapo yamekwisha. Hakuna anayeuliza presha hiyo ni kiasi gani, ilipimwa lini, inatibiwa kwa dawa gani, imegusa moyo au haijagusa. Macho yanahamia kwa wadogo wa mgonjwa: binti wa miaka ishirini na mbili aliyeolewa juzi, na mdogo wake anayeendesha bodaboda mjini Kasulu.

Naupinga uamuzi huo, ingawa najua wanaoutoa wana huruma. Wanaamini wamemwokoa mama. Kwa kweli wameuondoa mzigo kwa mtu ambaye hatari yake inaweza kupimwa leo, wakamtwika mtu ambaye hatari yake haijulikani kwa kuwa umri wake haujafika huko. Mzee ambaye presha yake imetulia kwa dawa, ambaye moyo na figo zake ni nzima, asikataliwe kwa sababu ya neno presha. Apimwe kama mtoaji mwingine yeyote, aelezwe hatari yake kwa tarakimu, kisha aamue mwenyewe. Tena katika familia nyingi za huku kwetu, yeye ndiye anayepaswa kufikiriwa kabla ya watoto wake.

Wazo kwamba presha na utoaji figo havikai pamoja halikuzaliwa Kasulu. Kwa miongo kadhaa ndivyo madaktari walivyofundishwa duniani kote, na walikuwa na sababu. Presha na figo huumizana: presha ikikaa juu kwa miaka huharibu vichujio vya figo, na figo iliyoharibika huipandisha presha zaidi. Ukimtoa mtu figo moja, iliyobaki hujitanua ikafanya kazi inayokaribia asilimia 70 ya ile iliyokuwa ikifanywa na zote mbili. Inatosha kwa maisha ya kawaida, lakini akiba imepungua. Ilikuwa busara kuogopa kumwacha mwenye presha katika hali hiyo wakati ambapo hakuna aliyekuwa amewafuatilia wenye presha waliotoa figo. Sasa wamefuatiliwa.

Aprili 2004 wataalamu wa upandikizaji kutoka nchi nyingi walikutana Amsterdam. Walikubaliana kwamba mwenye presha inayodhibitika kwa urahisi, aliyepita miaka 50, ambaye figo zake zinachuja zaidi ya mililita 80 kwa dakika na mkojo wake una albumini chini ya miligramu 30 kwa siku, anaweza kukubaliwa. Mwongozo wa KDIGO wa 2017, unaotumiwa na madaktari wa figo wa nchi nyingi, unasema presha iliyo chini ya 140/90 kwa dawa moja au mbili, bila dalili ya kudhuru viungo, haitoshi yenyewe kumkataa mtu. Tazameni vizuri lile sharti la umri la Amsterdam. Umri mkubwa umewekwa upande wa sifa. Mtu wa miaka 28 aliyeanza kupata presha ana nusu karne mbele yake ya kuumizwa nayo. Mtu wa miaka 63 ambaye amekaa na presha miaka kumi na mkojo wake ukawa safi, ameshaonyesha jinsi mwili wake unavyoibeba.

Kabla sijaingia kwenye takwimu, inafaa kukumbuka tunazungumzia nchi gani. Hadi 2017 Mtanzania aliyehitaji figo alipelekwa India, na aliyekosa nauli na gharama alibaki akisafishwa damu au akafa. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, ikisaidiana na madaktari wa hospitali ya BLK ya India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikishirikiana na shirika la Tokushukai la Japani. Figo zinazopandikizwa hapa hutoka kwa watu walio hai, ndugu wa mgonjwa. Hatuna utaratibu wa kuchukua figo za waliofariki kama ulivyo Hispania au Uingereza, ambako mgonjwa asiye na ndugu wa kumpa huingia kwenye orodha na kusubiri. Kwetu orodha ni ukoo. Ukimfuta mtu mmoja kwenye ukoo, hakuna mwingine anayeingia mahali pake.

Mgonjwa anayebaki bila mtoaji anategemea mashine: mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara, yaani mara 156 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka. Kwa mtu wa Rungwe Mpya hilo ni sawa na amri ya kuhama. Analazimika kwenda kupanga chumba karibu na hospitali kubwa, ndugu mmoja aache kazi amfuate, na nyumbani shamba la kahawa au la migomba liuzwe kipande kwa kipande. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na naiombea mafanikio, lakini hata bima iliyokamilika haimrudishii kijana siku tatu za kila wiki. Figo inamrudishia.

Basi takwimu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 24,533 waliotoa figo kati ya 1999 na 2016 wakiwa na miaka 50 au zaidi. Kati yao 2,265 walikuwa na presha kabla ya kutoa. Hilo ndilo kundi kubwa zaidi ninalolijua la wazee wenye presha waliochunguzwa kwa swali hili hasa. Makadirio ya miaka 15 yalionyesha kwamba figo iliyobaki ingefeli kwa watu 8 katika kila 1,000 wenye presha, na 2 katika kila 1,000 wasio na presha. Vifo havikutofautiana kati ya makundi hayo mawili.

Wanaopinga hulishika neno moja tu hapo: mara tatu. Ni kweli, baada ya kuondoa tofauti nyingine kati ya makundi, hatari ya wenye presha ilikuwa mara tatu. Silifichi, wala simtaki daktari alifiche. Lakini anayemwambia mama "hatari yako ni mara tatu" akanyamaza hapo amemtisha bila kumwarifu. Amwambie pia kwamba katika wanawake na wanaume 1,000 waliofanana naye, 992 walikadiriwa kuvuka miaka kumi na mitano bila figo yao kufeli. Mama wa miaka 64 akivuka miaka kumi na mitano atakuwa na 79. Ana haki ya kuzijua tarakimu zote mbili, kisha aziweke kando ya maisha ya mwanawe.

Sasa mchukueni yule binti wa miaka 22. Presha yake leo ni 112/70, mkojo safi, damu safi. Kikao kimefurahi. Lakini vipimo vya leo vinasema habari za leo. Mwaka 2016 Morgan Grams na wenzake walikusanya takwimu za karibu watu milioni tano ili kukadiria hatari ya figo kufeli kwa mtu anayefikiria kutoa, na wakaonyesha jambo ambalo vikao vyetu havijalisikia: makadirio ya miaka 15 humwonyesha kijana kama mtu salama kabisa, lakini sehemu kubwa ya hatari yake ipo baada ya hapo, na ukihesabu maisha yote vijana ndio waliobeba hatari kubwa kuliko wote. Haishangazi. Presha, kisukari na unene huja na miaka, na miaka yote ya binti huyu bado iko mbele. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 25 hadi 64 nchini mwetu ana shinikizo la juu la damu. Tunamkwepa mama kwa kuwa yeye ni yule mmoja wa wanne, kisha tunachukua figo ya mwanawe, ambaye ni damu yake, bila kujua kama naye atakuwa huyo huyo akifika hamsini.

Tena binti huyu atazaa. Mwaka 2015 watafiti wa Ontario, Kanada, walilinganisha mimba za wanawake waliokwisha kutoa figo na mimba za wanawake wenye afya kama yao wasiotoa. Presha ya mimba au dalili za awali za kifafa cha mimba ziliwapata asilimia 11 ya waliotoa na asilimia 5 ya wasiotoa. Hiyo ni Ontario, ambako mjamzito hupimwa mara kwa mara na gari la wagonjwa hufika. Wakunga wa Kasulu na Kibondo wanakijua kifafa cha mimba kwa macho yao wenyewe, na wanajua maana ya mjamzito kuanza kutapika na kuumwa kichwa usiku wa masika mahali ambapo njia ya kijijini imekatika. Hatari iliyozidi kwa binti katika mimba tano au sita haionekani kwenye kikao, kwa kuwa hakuna anayeizungumza. Kwa mama aliyemaliza uzazi miaka ishirini iliyopita, hatari hiyo haipo kabisa.

Kuna hoja nyingine ambayo naiona nzito kuliko hizi zote, nayo inahusu mgonjwa mwenyewe. Wanaomkataa mzee husema figo yake imechakaa, itadumu muda mfupi. Kwa sehemu ni kweli. Baada ya miaka arobaini uwezo wa figo kuchuja hupungua kidogo kidogo, takribani mililita moja kwa dakika kila mwaka, na figo ya mtu wa miaka 62 kwa wastani haidumu kama ya mtu wa miaka 25. Lakini kijana wa miaka 26 anayepandikizwa leo hahitaji figo moja tu maishani. Figo iliyotolewa na mtu aliye hai hudumu, kwa wastani, miaka kumi na mitano hadi ishirini. Akijaliwa kuishi, atahitaji ya pili. Ukimpa leo figo ya mdogo wake, siku ya pili itakapofika mama atakuwa na miaka themanini au hayupo, na ukoo hauna tena wa kutoa. Ukimpa leo figo ya mama, mdogo wake bado yupo. Atakuwa na miaka arobaini, amemaliza kuzaa, presha yake inajulikana, sukari yake inajulikana, na uamuzi wake utakuwa wa mtu mzima anayejua anachokitoa. Madaktari wanaopandikiza watoto huko Ulaya na Marekani wamezoea kuzifikiria figo za wazazi kwa mpangilio huo. Sisi tunakula mbegu tukiacha chakula ghalani.

Wapo wanaosema sayansi hii ni ya Wazungu tu. Watazame basi waliotushika mkono Dodoma. Japani figo za waliofariki ni adimu, kwa hiyo wazazi na wenza wa miaka sitini na zaidi ndio wamebeba upandikizaji wa nchi ile kwa muda mrefu. Mwongozo wao unawapa nafasi, kwa masharti makali, hata watoaji wanaotumia dawa za presha, mradi presha yao imetulia na mkojo hauna protini. Tumechukua kwao mikono na vifaa. Tungechukua pia uzoefu wao wa wazee.

Hata hivyo, swali la rangi na asili halipaswi kupuuzwa, na mtu anayelileta anastahili jibu. Wengi wa wale 24,533 walikuwa Wamarekani weupe. Wamarekani weusi wanaotoa figo hupata madhara zaidi: uchunguzi wa watoaji 96,217 uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba ndani ya miaka 15 figo zilifeli kwa watu 74.7 katika kila 10,000 weusi, wakati kwa watoaji wote kwa jumla ilikuwa 30.8. Sehemu ya sababu iligunduliwa 2010: aina fulani za kinasaba kiitwacho APOL1, zilizoenea zaidi Afrika Magharibi, humkinga mtu na baadhi ya vimelea vya malale lakini humwongezea hatari ya ugonjwa wa figo. Nchi yetu ya mapori ya Moyowosi inaijua malale vizuri. Katika miaka ya 1930 watu wa Buha walihamishwa na serikali ya kikoloni kukusanywa kwenye makazi mapya ili kuwaepusha na mbung'o. Aina hizo za kinasaba hupatikana kwa uchache zaidi Afrika Mashariki, lakini hazikosekani.

Haya yote nakubali. Lakini yanamkata nani? Wale watoaji weusi waliopata madhara hawakuwa wazee wa aina iliyokubaliwa Amsterdam. Wengi walikuwa watu wa makamo na vijana, na presha zao zilikuwa nzuri siku walipotoa. Mwenye vinasaba viwili vibaya vya APOL1 akifika miaka 65 na mkojo safi na uchujaji mzuri, amepita miaka mingi ambayo madhara yake hujitokeza. Mwenye miaka 22 hajaipita. Hoja ya asili ya Mwafrika, ikifuatwa hadi mwisho wake, inamlinda kijana zaidi kuliko inavyomzuia mzee.

Hoja inayoniumiza kichwa ni nyingine, nayo wapinzani wangu wengi hawaitumii. Ni ya siku ya upasuaji wenyewe. Mwaka 2010 Dorry Segev na wenzake walichapisha vifo vya ndani ya siku 90 kwa watoaji 80,347 wa Marekani. Waliokufa ni 25. Kwa jumla ni kama 3 katika 10,000, lakini kwa wenye presha makadirio yalikuwa 36.7 katika 10,000, na kwa wasio na presha 1.3. Wenye presha katika hesabu hiyo walikuwa wachache, na vifo vyao vinahesabika kwa vidole, kwa hiyo tarakimu yenyewe ina utata. Hata hivyo siwezi kuitupa. Karibu mtu mmoja katika 270 ni hatari ya kweli. Ndiyo sababu nasema mzee apimwe moyo kwa ekografia na siyo kwa kusikilizwa kifua tu, atazamwe macho kama mishipa imeharibika, na presha iwe imetulia kwa miezi kabla ya kisu, isiwe imeshushwa wiki iliyopita ili fomu ipite. Atakayekutwa moyo umenenepa akataliwe, na nitasimama upande wa daktari anayemkataa. Na atakayefaulu asomewe tarakimu hiyo kwa Kiswahili au kwa Kiha, polepole, mwanawe akiwa nje ya chumba.

Niseme sasa kuhusu upimaji wenyewe, kwa kuwa wazee wengi wanaoitwa wa presha hawajawahi kupimwa sawasawa. Nimeshuhudia upimaji wa aina hii kwenye kliniki moja ya huku juu, asubuhi ya baridi. Mama amekuja kwa bodaboda mwendo mrefu, ameshuka, ameingia moja kwa moja. Amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo, miguu inaning'inia. Mkanda umefungwa juu ya sweta. Mkono hauna pa kuegemea, anaunyanyua mwenyewe. Mashine inapovimba, nesi anamuuliza jina la kijiji, la mwenyekiti, na idadi ya watoto, naye anajibu. Mashine inasoma 162/96. Inaandikwa kwenye daftari, mama anaambiwa ana presha, na foleni inasogea. Kila kimoja katika hivyo hupandisha kipimo: mwendo, benchi, sweta, mkono usioegemezwa, mazungumzo. Simlaumu nesi, foleni ilikuwa imefika nje. Lakini tarakimu iliyopatikana hivyo ndiyo inayokwenda kumsemea mama kwenye kikao cha ukoo na kwenye barua ya rufaa. Ipo mashine inayovaliwa mkononi saa ishirini na nne, usiku na mchana, ikipima yenyewe kila baada ya muda. Mtu asiitwe mwenye presha, tena asikataliwe kutoa kiungo, kabla hajavaa mashine hiyo au angalau kupimwa siku kadhaa akiwa ametulia dakika tano.

Na akiwa nayo kweli, mara nyingi hajatibiwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Septemba 2023 ilisema watu wanne kati ya watano wenye shinikizo la juu la damu hawapati matibabu ya kutosha. Kwa hiyo mzee anayekuja na 155/92 mara nyingi ni mtu ambaye hajawahi kupewa dawa kwa mpangilio. Mpeni amlodipini, mpunguzieni chumvi (na huku ambako chumvi ya Uvinza imekuwa fahari ya nchi kwa karne nyingi, hilo linataka maneno ya upole), kisha mrudieni baada ya miezi mitatu. Baadhi watashuka hadi 128/78. Wale ndio waliokuwa wamekwisha kufutwa.

Hapa ndipo ninapowakasirikia wanaosema wanamlinda. Mama anakataliwa kwa ajili ya presha, anapanda basi, anarudi Rungwe Mpya na presha ile ile. Hakuna aliyempa dawa, hakuna aliyemwandikia kliniki ya Kasulu, hakuna aliyempigia simu. Ulinzi gani huu? Kama presha yake ni hatari kiasi cha kumnyima kumpa mwanawe uhai, ni hatari kiasi cha kutibiwa siku hiyo hiyo. Mtoaji aliyekubaliwa angalau ana daktari anayejua jina lake.

Wengine wanazungumza kwa lugha ya heshima. Mzazi hakatwi kwa ajili ya mtoto, wanasema. Mtoto ndiye humlea mzazi. Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini nawauliza ni lini mama wa Kiha aliacha kulinyima tumbo lake ili mtoto ale. Kumkatalia kwa jina la heshima, bila kumsikiliza, ni kumfanya mtoto mdogo. Hofu yangu iko mahali pengine kabisa: kwamba mlango ukifunguliwa, mama mjane asiye na sauti atasukumwa aingie. Duniani kote wanawake hutoa figo zaidi ya wanaume na hupokea kwa uchache zaidi. Kwa hiyo asiulizwe kikaoni. Aulizwe hospitalini, peke yake, na mtu asiyemtibu mwanawe, zaidi ya mara moja. Akisema hapana, familia iambiwe tu kwamba vipimo havikufaa, na isijue zaidi. Ulinzi huo huo apewe binti, na yule wa bodaboda.

Na tukiwafunga wazee wote, figo zitatafutwa kwingine. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja binafsi ya Eldoret baada ya vyombo vya habari vya Ujerumani kuchapisha habari za vijana maskini waliodaiwa kuuza figo zao. Uchunguzi una mkondo wake, lakini picha ya walioathirika iko wazi: ni vijana wa kiume, wenye afya, wasio na kazi, na wanunuzi hawakuwa ndugu zao. Soko la namna hiyo hukua pale ndugu wanapokosekana. Mzee mwenye presha iliyotulia, anayemtolea mwanawe bila malipo, ni ndugu aliyepo.

Linabaki jambo la ufuatiliaji, ambalo ni letu sisi wenyewe. Mtoaji wa Dodoma akirudi Kasulu anahitaji kupimwa presha kila miezi michache, mkojo na kreatinini kila mwaka, na vidonge visivyokatika. Hospitali ya Kabanga inaweza hilo. Hospitali ya wilaya ya Kibondo inaweza hilo. Kinachotakiwa ni watoaji wawe kwenye daftari lao, wasitozwe kwa ajili ya figo waliyoitoa bure, na daktari wa kule alikopasuliwa apokee majibu yao. Muhimbili na Benjamin Mkapa zinaweza kuanza bila kungoja sheria mpya: zichapishe kila mwaka watoaji wangapi walikataliwa kwa ajili ya presha, walikuwa na umri gani, presha yao ilikuwa ngapi ilipopimwa mara ya mwisho, na ilipimwaje.